Picha Zilizogoma Kuhama

Ijumaa asubuhi, kesho yake ikiwa ndiyo maziko ya Lavonne Sandbeck, jirani yake Ardis Kvamme alikaa mezani jikoni kwake akiigombeza tableti.

"We kidude, nisikilize," aliiambia. "Leo sina nafasi ya kubembelezana na wewe."

Kushoto tableti, kulia laptopu ya marehemu mumewe Norman, katikati waya mweupe. Waya umechomekwa huku, umechomekwa na kule, lakini laptopu imetulia tuli, haina habari kwamba kuna kitu ubavuni mwake. Ardis akauchomoa, akaupuliza, akauchomeka tena. Kimya. Akauhamishia tundu la upande wa pili. Kimya vilevile. Akazima vyote viwili, akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi, akarudi akaviwasha. Ng'o!

Shida yenyewe haikuwa na mafumbo. Picha za Lavonne zilikuwa ndani ya tableti. Kanisa lilizitaka kwenye flashi, ili kesho zionyeshwe ukutani wakati watu wanaingia na kutafuta pa kukaa. Flashi haiingii kwenye tableti, inaingia kwenye laptopu. Basi picha sharti zitoke huku ziende kule, na Mchungaji Gretchen alikuwa amesema flashi imfikie leo kabla hajafunga ofisi.

Na picha nyingine hakuna. Curtis, mtoto wa pekee wa Lavonne, anakaa Arizona. Alipoambiwa atafute, alizipata mbili: moja ya harusi ya wazazi wake, iliyofifia mpaka bibi harusi hana pua, na nyingine ya leseni ya udereva. Hiyo ya leseni, jamani! Lavonne mwenyewe alikuwa akisema humo ametoka kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa wizi. Ardis hakutaka hata kuuwaza uso ule umekuzwa ukutani, mbele ya watu wote wa mji wetu wa Skarby. Alishamwambia Curtis kwenye simu, "Usijali mwanangu, picha ninazo." Na kweli anazo. Amezipiga mwenyewe, moja moja, kwa miaka.

Maana Lavonne alikuwa adui wa kamera. Ukiinua tu, mkono wake umeshafika usoni. Ardis akajifunza kumwinda: nyuma ya pazia, nyuma ya mgongo wa mtu, kando ya ziwa wakati mwenzake anahangaika na kofia na upepo. Akigundulika, ugomvi. "Futa hiyo, mwizi mkubwa wewe!" "Nimeshafuta, mama, tulia." Hakufuta hata moja. Walikuwa wapishi wa shule wote wawili, jiko moja, masufuria makubwa hata ya kuogea mtoto. Watu wa Skarby ambao leo wana mvi walilishwa viazi na wawili hao tangu wakiwa watoto wenye makamasi. Walipostaafu walibaki majirani, ua mmoja katikati, na njia ya miguu iliyopita kwenye theluji kutoka mlango wa jikoni huu hadi mlango wa jikoni ule.

Majira haya ya baridi njia hiyo ilikuwa imefukiwa. Hakuna aliyeikanyaga tangu gari la wagonjwa lilipomchukua Lavonne.

Niseme na jambo jingine, vinginevyo hamtamwelewa Ardis. Huku kwetu mtu mwenye adabu hakubali kitu mara ya kwanza. Ukiulizwa "kahawa?" unasema, "Aa, usijisumbue." Ukiambiwa "kidogo tu jamani," unasema, "Nisikupe kazi." Mara ya tatu ndipo unalegea: "Haya, kama ipo tayari, nusu kikombe." Unapewa kikombe kizima na unakunywa vitatu. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na asiyeuliza mara ya tatu ni bahili, na hivyo ndivyo tunavyoishi na kuzeeka. Hata hiyo tableti Ardis aliipata kwa mtindo huo. Lavonne alinunua mbili kwenye punguzo la bei, akampelekea moja. Ardis akaikataa mlangoni, akaikataa jikoni, akaipokea Lavonne alipokuwa anavaa buti kuondoka. Intaneti nayo alikuwa akitumia ya Lavonne, ikipita uani bila kuomba ruhusa.

Curtis alipoikata intaneti ya mama yake, jambo la maana kabisa kwa mtu anayefunga nyumba ya marehemu, jina la Lavonne likatoweka kwenye orodha ya mitandao ya tableti. Ardis alilitafuta mara kadhaa, akaacha. Ndiyo maana sasa umebaki waya tu.

Alikuwa bado anaupuliza huo waya aliposikia hodi.

Alikuwa Marisela Treviño wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Marisela alihamia kiangazi kilichopita kutoka Texas kusini kabisa, anafanya kazi kiwanda cha batamzinga, mama wa makamo, mchangamfu, ana pikapu kubwa na anavaa makoti mawili kwa wakati mmoja. Mkononi alikuwa na sufuria ya tamale, zile zao za unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda.

"Pole sana, Bi Ardis. Najua mlikuwa chanda na pete."

"Asante, mwanangu. Aa, lakini hukupaswa kujisumbua na chakula."

"Nani kajisumbua? Nimepika nyingi." Akaiweka sufuria juu ya jiko bila kungoja jibu. Kisha akaiona meza. "Heh! Hapa kuna nini, umefungua karakana?"

Ardis akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusema na kitu kinachojibu. "Hivi viwili vimenuniana. Nataka picha za Lavonne zitoke humu ziingie humu, za kesho kanisani, na havitaki hata kutazamana."

"Nikuangalizie?"

"Aa, usijisumbue. Una mambo yako."

"Leo nina mapumziko, sina mambo. Niangalie?"

"Hapana, hapana. Naendelea vizuri. Nitaiweza tu."

Moja hiyo, mbili hiyo. Ardis akasogeza kiti kidogo pembeni ili mwenzake apate pa kukaa, akangoja ya tatu.

"Haya, sawa basi," akasema Marisela akipandisha zipu. "Kila la heri, Bi Ardis. Hizo tamale uzile zikiwa moto."

Akaenda zake!

Msimlaumu. Kwao chakula hawakuulizi, wanakupakulia, na wakikuuliza neno wanaliamini jibu lako. Nadhani watu wengi duniani wako hivyo. Ardis alibaki ameshika mgongo wa kile kiti alichokisogeza, akisikiliza buti zikishuka ngazi na kuvuka barabara. Kisha akakirudisha mahali pake.

Akashuka chini kwenye ghala la nyumba, kwenye droo ya Norman. Norman hakuwahi kutupa waya. Alikuwa na waya za redio zilizokufa kabla hajaoa. Ardis akachambua, akatafuta wenye kichwa kinacholingana, akaupata mmoja mweusi mnene, akapanda nao akihema. Akauchomeka. Laptopu ikalia, ting! Alishtuka hadi akaigonga meza kwa goti. Kumbe ule waya mweupe ni wa kupitisha umeme tu, haubebi kingine, na mtu unaweza kuupuliza mpaka ufe.

Na tableti nayo ikafunguka na kuuliza: kompyuta hii inataka kuziona picha zako. Kubali? Kataa?

Kidole cha Ardis kikaenda kwenye Kataa.

Ukimuuliza atakwambia aliogopa wezi, maana kila siku redio inaonya watu wazima wasiruhusu visivyojulikana. Hofu ilikuja baadaye, ninamjua. Kilichotangulia ni ule mkono wa siku zote. Umeulizwa kwa mara ya kwanza, unakataa, ndivyo ulivyolelewa. Akakunja mikono, akangoja kuulizwa tena.

Tableti haikuuliza tena. Alichomoa akachomeka. Alizima akawasha. Laptopu ilikuwa ikilia ting kwa uaminifu, lakini ukifungua ndani ni patupu, na tableti inatazama dari. Akaiambia, "Haya, nimekubali." Akaiambia kwa sauti zaidi. Akaiambia neno moja ambalo mke wa Norman Kvamme hakuwahi kulisema mbele za watu.

Simu ikaita. Mchungaji Gretchen.

"Ardis, habari za huko? Picha zinaendaje?"

"Zinaenda vizuri tu, Mchungaji."

"Unahitaji mtu aje akusaidie?"

"Aa, hapana. Mna mengi huko."

"Una hakika? Naweza kumtuma mtu."

"Msijisumbue kabisa."

Gretchen ni mtoto wa huku, angeuliza ya tatu, hilo sina shaka. Lakini simu nyingine ikaanza kulia ofisini kwake. "Basi nakungoja," akasema haraka. "Zikishindikana kabisa usiumie moyo, ninayo ile ya leseni." Akakata.

Ardis akakaa. Alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Tangu Lavonne aondoke alikuwa akipika kahawa ya watu wawili kila asubuhi, na kila asubuhi anajilaani, anamwaga ya pili. Kupitia dirisha aliiona nyumba ya mwenzake, pazia zimefungwa, theluji imefika usawa wa kizingiti. Na akiitazama nyumba ile, kilichomuuma si kifo peke yake. Kifo angekimudu, alishakimudu cha Norman. Kulikuwa na jambo jingine alilokuwa hajamwambia mtu.

Vuli iliyopita, majani yakipukutika, baada ya Duane mume wa Lavonne naye kuzikwa, Lavonne aliweka kikombe chini na kusema, "Ardis, hivi sisi ni wazima kweli? Nyumba mbili, mitambo miwili ya joto, sufuria mbili za supu, vikongwe wawili. Hamia kwangu."

Moyo wa Ardis uliruka. Akasema, "Aa, nitakusumbua bure."

Baadaye kidogo, wakitoka kanisani, Lavonne akarudia. "Lile neno langu bado lipo, ujue."

"Lavonne, wewe umeshazoea nafasi yako."

"Mm," akasema Lavonne, akatafuta funguo za gari.

Ardis akangoja ya tatu. Alingoja kila siku, kila kikombe. Badala yake Lavonne akasema nyumba yake imevurugika kidogo, ana mambo anapanga, kwa hiyo kahawa iwe inanywewa kwa Ardis kwa muda. Ardis akaelewa: basi, ameghairi. Amefikiri vizuri, ameona kuishi na mtu si mchezo. Aliumia vibaya sana, na kwa kuwa ni mtu wa Skarby aliumia huku akitabasamu na kumuongezea mwenzake kipande cha keki. Hawakulizungumza tena. Baridi ikaingia, kifua kikambana Lavonne, wakampeleka hospitali ya mjini, naye hakurudi.

Sasa rafiki huyo, ambaye pengine mwishoni hata hakumtaka, anakwenda kuagwa kwa uso wa mwizi wa kuku. Ardis akatazama saa ya ukutani. Akasimama, akachukua sahani, akapanga juu yake vipande vya keki ya shayiri na chokoleti alivyokuwa ameoka kwa ajili ya kesho, akavaa koti na buti. Kwa sababu kwenda kwa mtu mikono mitupu na kumwomba kitu, hilo hakuwahi kulifanya maishani, na hakujua linaanzaje.

Marisela alifungua mlango na mvuke wa jikoni ukatoka naye.

"Bi Ardis! Ingia, ingia, baridi hiyo itakuua!"

"Aa, siingii. Nilikuwa napita tu."

Marisela akachungulia barabara, nyeupe huku na huku, hakuna hata mbwa. "Unapita kwenda wapi?"

"Nimekuletea hivi. Kwa ajili ya zile tamale."

"Ahsante jamani! Umezila?"

"Nitazila. Baridi imezidi leo, ee?"

"Imezidi. Nyie mlizaliwaje huku, sijui."

"Wanasema Jumapili italegea."

"Afadhali." Marisela akapokea sahani. Akangoja, akaona hakuna kingine. "Haya basi, mama, wahi ndani usije ukaganda hapo." Na taratibu, kwa heshima zote, akaanza kurudisha mlango.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ardis aliuona mlango unapungua, akaiona leseni ya udereva ukutani kanisani, akatia mguu kwenye kizingiti, buti na theluji yake yote.

"Marisela, nisaidie."

"Eh?"

"Ile kazi sijaiweza. Nilikudanganya. Nimehangaika nayo tangu asubuhi, na nisipopeleka picha leo watamuaga Lavonne kwa ile ya leseni. Njoo uniangalizie. Tafadhali."

Marisela alimtazama, kisha akaweka sahani chini palepale sakafuni, akaanza kuvuta buti. "Mbona asubuhi ulisema unaiweza?"

"Nilisema."

"Watu wa huku nyie mtaniua na roho yangu! Nipe hilo koti hapo nyuma ya mlango. Hapana, hilo jingine. Yote mawili."

Kazi yenyewe haikuwa kazi. Marisela alikaa kwenye kile kiti, akavua glavu kwa meno, akavuta ukingo wa juu wa tableti kwa kidole kama mtu anayeteremsha pazia. Yakateremka maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa.

"Haya, ona mwenyewe. Imeandika 'inachaji tu'. Ilikuuliza kitu ulipochomeka huu waya?"

"Iliuliza kama nakubali."

"Ukasema?"

"Nilikataa."

"Ukakataa! Kwa nini sasa?"

"Nilijua itauliza tena," akasema Ardis.

Marisela alicheka mpaka akashika mbavu. "Bi Ardis! Mashine hii! Inauliza mara moja, ukikataa inakuamini, inakwenda zake!" Ardis naye akacheka, macho yakimtoka machozi, na kicheko kile jikoni kilimshangaza mwenyewe. Marisela akagusa hapo penye 'inachaji tu', akachagua kuhamisha picha, na laptopu ikafunguka. Zikaanza kumiminika, vijipicha vidogo vidogo, safu kwa safu.

Wakaanza kuzichagua. Lavonne kwa nyuma, anachota maji ziwani. Lavonne na kiganja usoni. Mikono ya Lavonne ndani ya unga. Kiganja tena. Nusu ya Lavonne, nusu nyingine imeliwa na mlango. Lavonne amelala kitini kinywa wazi.

"Hii ukiiweka atafufuka akupige," akasema Marisela.

"Iache."

Kiganja. Kofia. Kisigino cha Lavonne kinakimbia. Kwa kweli Ardis alianza kuogopa. Picha zilikuwa nyingi, lakini uso wenyewe, uso mzima wa kumuaga mtu, hakuuona. Alizipiga kwa wizi, na wizi una hasara yake. Marisela alikuwa anapita haraka, kidole kinatembea, mara akasimama.

"Heee! Si mimi huyu?"

Ilikuwa picha ya vuli, imepigwa kutoka dirisha hilihili la jikoni, ukingo wa pazia unaonekana. Uani kwa Lavonne pikapu imeegeshwa kinyumenyume. Marisela ameshika upande mmoja wa godoro, Lavonne upande wa pili, na nyuma yao kitanda cha mbao kimefungwa kamba. Lavonne amegeuka kuelekea dirishani bila kujua, anacheka, nywele zimemtimka, na uso wake wote uko wazi kwa sababu mikono yote miwili ina mzigo.

"Nimepata!" Ardis akapiga meza. "Hiyo! Hiyo ndiyo Lavonne. Iweke ya kwanza." Aliikumbuka siku ile. Alimwona mwenzake anahamisha makorokoro, akapiga haraka akajificha. "Alikuwa anatupa vitu vya Duane," akamweleza Marisela.

"Anatupa? Hapana, tulikuwa tunaingiza. Kitanda hicho alikinunua mnadani, kwenye lile shamba lililofungwa, akaniomba nikamchukulie. Kilitutoa jasho! Tulitoa cherehani kwenye kile chumba cha nyuma kinachopata jua, tukapaka rangi, tukakiingiza. Ulikuwa hujui?"

"Sikujua." Ardis alikuwa akitazama godoro. "Kitanda cha nani?"

Marisela akamgeukia. "Si chako?"

Ardis akaisogelea picha.

"Aliniambia ni chumba cha Ardis. Ndivyo alivyokiita, chumba cha Ardis. Mimi nikamwambia, basi mwambie ahamie, mnangoja nini? Akasema nimeshamuuliza mara mbili, anasitasita, nikimuuliza tena nitakuwa namlazimisha. Akasema acha nikitengeneze kwanza kikamilike, halafu nitamwita aje anywe kahawa, akione mwenyewe. Mapazia ndiyo yalikuwa yamebaki. Bi Ardis? Nimesema vibaya?"

Ardis alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Akaushusha.

"Vyombo vyangu vimeshafungwa," akasema. "Viko kule chini. Maboksi mawili. Nilivifunga siku ileile aliyoniuliza mara ya kwanza. Sijavifungua mpaka leo, nilibakiza vikombe viwili na sahani mbili tu."

Marisela alitaka kuuliza, ikaonekana wazi alitaka kuuliza, kwa nini basi hukumwambia ndiyo? Hakuuliza. Ardis akainamisha kichwa kwenye meza, kati ya nyaya, akalia kwa sauti kama mtoto, na Marisela akamwekea mkono mgongoni na kwa mkono wa pili akaendelea kuhamisha picha, maana ofisi ya kanisa ilikuwa inakaribia kufungwa.

Flashi ilifika. Marisela aliipeleka mwenyewe kwa pikapu.

Jumamosi kanisa lilijaa. Lavonne alikuwepo ukutani, mkubwa, nywele zimetimka, anacheka na watu wote wa mji aliowalisha, na waliingia wakicheka nao kabla hawajakumbuka kulia. Hakuna aliyeiona leseni. Baadaye, ukumbini chini, kwenye kahawa na mikate ya nyama, Curtis alimfuata Ardis kwenye meza ya pembeni alikokaa. Alikuwa amevaa koti jepesi la Arizona, pua nyekundu kwa baridi.

"Bi Ardis, asante kwa picha. Sijawahi kumwona mama vile. Ile ya kwanza, alikuwa amebeba nini?"

"Kitanda changu," akasema Ardis.

Curtis alimtazama kidogo. Kama angeuliza tena, angeambiwa yote. Lakini ni mtoto wa huku, akaona asimbane mama wa watu kwa maswali siku kama ile. Akamshika bega taratibu, akaenda kumsalimia mtu mwingine.